Tovuti ya Keki Iliyogeuka Nyekundu

Mama mmoja wa Sengerema alinipigia simu asubuhi, nikiwa navunja mayai kwenye bakuli. Binti yake alikuwa anaolewa na tulishakubaliana keki ya ghorofa, nyeupe, yenye maua ya sukari pembeni. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akauliza mvua za huku kwetu Mkuyuni. Kisha akashusha sauti kama mtu anayeleta habari za msiba.

"Mwanangu, ile keki tuiache tu kwanza."

"Kuna nini, mama?"

"Mimi sina neno. Ni wajomba zake. Nilitaka kuwaonyesha keki zako kwenye simu, simu ikawa nyekundu yote. Ikaandika kwamba hapo pana udanganyifu, turudi nyuma. Sasa mjomba mkubwa anasema hatuwezi kula keki ya matapeli."

Nilicheka kidogo, nikidhani simu yake ina matatizo. Nikamwomba anipe muda niangalie. Nikanawa mikono, nikawasha kompyuta yangu ya siku nyingi na kufungua tovuti. Keki zangu zilikuwa zimetulia mahali pake, ya ubarikio juu, ya harusi chini, na picha yangu nikiwa nimevaa aproni. Hakuna wekundu wowote. Nikaenda kuchukua simu ya mume wangu aliyekuwa anapiga pasi shati la kazini, nikaandika jina la biashara yangu, nikabonyeza.

Wekundu niliouona sikuutegemea. Kioo chote kilikuwa rangi ya damu ya ng'ombe, katikati kuna alama ya hatari, na maneno ya kumwambia mtu kwamba tovuti hii inaweza kumwibia taarifa zake. Juu yake limeandikwa jina la biashara yangu, herufi kwa herufi, jina nililolichagua mwenyewe nikiwa na mimba ya mwanangu wa mwisho.

"Zima simu, halafu washa," mume wangu alisema. Yeye ni mwalimu wa fizikia, na kila kifaa nyumbani kwetu hutibiwa hivyo. Tulizima, tukawasha. Nyekundu. Akashauri tutoe laini. Nyekundu. Akanywa chai, akaenda kazini.

Niseme kwa nini jambo hili liliniuma hivyo. Wateja wangu wa Mkuyuni hawahitaji tovuti, wao huja mlangoni na kunusa. Lakini wa Sengerema, wa Geita na wa Ukerewe hawawezi kusafiri kuja kuonja. Wao huchagua kwa picha. Kijana aliyenitengenezea tovuti alikuwa amehamia Dodoma na kubadilisha namba. Nilipoipigia simu kampuni inayonihifadhia tovuti, dada wa huduma kwa wateja aliniambia kwa upole kwamba tovuti imeingiliwa na kwamba kusafisha ni juu ya mwenye tovuti. Nilimwuliza inasafishwaje. Akanitakia siku njema.

Mchana wake simu ikaita tena, namba ngeni.

"Mimi ni mwenye duka la keki hapa mjini," sauti ilisema. Akataja duka. Nilikaa chini.

Huyu mama nilikuwa namfahamu bila kufahamiana naye. Familia yake ni Wahindi wa Mwanza tangu enzi za babu yake, na duka lao liko katikati ya Nyamagana, karibu na mabenki, lenye kioo kikubwa na keki zinazozunguka zenyewe. Mimi na yeye tulikuwa hatusalimiani. Niliwahi kutengeneza keki ya harusi yenye umbo la mawe yetu ya ziwani, jiwe juu ya jiwe, na maji ya bluu ya sukari chini yake. Mji mzima uliizungumzia. Haikupita muda nikapita mbele ya duka lake, nikaikuta inazunguka kwenye kioo, jiwe juu ya jiwe, mpaka na ndege mweupe niliyemweka kileleni. Tangu siku hiyo nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara.

"Kuna mama wa Sengerema amenipigia," aliendelea. "Anataka keki ya harusi haraka. Nikamwuliza, mbona umechelewa? Akanieleza habari za wekundu. Nikaifungua tovuti yako, nikaona. Dada, umeingiliwa. Mimi niliingiliwa mwaka juzi."

"Kwa hiyo umechukua oda?" Sikuweza kujizuia.

"Sijachukua. Nimemwambia asubiri mpaka wiki ijayo, huyo mtu wako si tapeli. Yangu ilipopigwa nyekundu hakuna aliyeniambia. Nilikaa msimu mzima wa harusi nashangaa watu wamekwenda wapi, kumbe wanakuja kwako. Jumapili nafunga duka mchana. Nije?"

Alikuja na kompyuta yake kwenye mkoba wa kitenge. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Mgeni akainama, "Shikamoo, mama," kisha akaongeza kwa Kisukuma safi, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama. Mama mkwe akaweka ungo chini. Alipomaliza kumhoji anatoka wapi na Kisukuma hicho amekipatia wapi, mimi nilikuwa nimeshapika chai na kuimimina. Alikipata Misungwi, mgeni alisema, ambako baba yake alikuwa akinunua pamba.

Tulikaa jikoni, kwa sababu nilikuwa na keki kwenye oveni na meza ya jikoni ndiyo kubwa. Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha kusuka. Ule mtandao mkubwa ambao watu wote hutafutia vitu ndio uliotuwekea wekundu. Haukutuonea, kweli kuna mtu ameingia; kompyuta yangu haikuonyesha onyo kwa sababu ni ya zamani mno. Lakini una sehemu yake ya wenye tovuti. Ukithibitisha kwamba tovuti ni yako, unaonyeshwa ulichokutwa nacho. Tukathibitisha. Ikatokea orodha ya kurasa.

Nilisoma ya kwanza, nikasoma ya pili. Kwenye tovuti yangu ya keki kulikuwa na kurasa nyingi zinazouza dawa ya kuotesha nywele kwa wanaume wenye vipara.

"Mimi walikuwa wananiuzia matairi," mgeni alisema.

Tukatazamana, na kitu kilichokuwa kimekaa kati yetu tangu ile keki ya mawe kikaanza kulegea. Nilicheka mpaka nikashika meza. Mume wangu, ambaye nywele zake zimeanza kurudi nyuma, alichungulia mlangoni kuuliza kuna nini, nasi tukaanza kucheka upya.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha sana. Kulikuwa na mtu mwingine aliyesajiliwa kama msimamizi wa tovuti, jina lake ni herufi tu zisizotamkika. Tukamfuta. Kulikuwa na kiprogramu kidogo cha kupangia picha ambacho yule kijana aliweka na hakuna aliyekigusa tena. Hapo ndipo walipopitia, kama dirisha lenye komeo bovu. Tukakitoa, tukaweka kingine kipya. Tukafuta kurasa za vipara moja moja. Tukabadilisha kila neno la siri, la tovuti, la barua pepe, la kampuni, na mgeni akanikataza kutumia jina la mwanangu. Kisha tukaandika maelezo ya tulichokuta na tulichofanya, tukaomba tukaguliwe upya.

Alipokuwa anafunga mkoba nilimwuliza. Nilikuwa nimejiahidi kutouliza. "Dada, ile keki ya mawe."

"Niliiga," alijibu, bila hata kutazama pembeni. "Ilikuwa nzuri mno. Nilimtuma dereva wangu kwenye harusi ile aipige picha. Ila yangu ilianguka. Jiwe la juu halikukaa hata siku moja, nilikuwa nalishikiza kwa vijiti. Wewe uliliwekea nini ndani?"

Nilimwambia nilichoweka ndani. Sijui kwa nini, lakini nilimwambia.

Jibu la ukaguzi lilikuja katikati ya wiki, na lilikuwa hapana. Bado kuna tatizo, walisema, wakatoa anwani ya ukurasa wa mbele wenyewe, ule wenye picha yangu na aproni. Niliufungua kwenye kompyuta, nikaufungua tena. Ni safi. Mama wa Sengerema alikuwa ameshanitumia ujumbe wa kuuliza, na wa pili wa kuomba radhi kwa kuuliza. Nilimpigia yule mwenzangu wa duka la mjini. Akafunga duka mapema, akaja na bajaji, bado ana unga wa sukari kwenye nyusi.

Safari hii alikaa akitazama kioo kwa muda mrefu bila kugusa kitu.

"Sisi tunaifungua kama wenye nyumba," alisema mwishoni. "Tunapita mlango wa nyuma. Hebu tuifungue kama mteja. Kwa simu, na tuitafute kwanza kama mtu asiyeijua."

Akachukua simu yake, akaandika keki za harusi Mwanza, akashuka chini mpaka akaiona yangu, akabonyeza. Ukaja wekundu. Akabonyeza maneno madogo ya chini, yale ya mtu anayesema nimeelewa, nipitisheni hivyo hivyo. Badala ya keki zangu kukatokea maputo na boksi lenye utepe, na maandishi ya kupongeza: umeshinda simu mpya, jaza namba yako hapa.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe chake. "Hiyo ndiyo simu niliyoshinda," alisema.

Tuligeuka wote wawili.

"Mayu, umeshinda lini?" mwenzangu aliuliza.

"Mwezi uliopita. Niliwaambia humu ndani nimeshinda simu, hakuna aliyenisikiliza." Akanitazama mimi. Ni kweli alikuwa amesema. Kila asubuhi huitafuta tovuti yangu kwenye simu yake ili awaonyeshe wenzake wa jumuiya keki za mkwe wake, na siku moja alikuja jikoni amefurahi akisema ameshinda simu. Nilidhani anazungumzia bahati nasibu ya kanisani. "Walitaka niandike namba. Sikuwa na miwani."

Mwenzangu alimshika mkono. "Ashukuriwe Mungu kwa miwani yako."

Sasa tulijua tunachotafuta: kitu kinachomwacha mwenye nyumba apite na kumteka mgeni. Tulikikuta kwenye folda la picha, katikati ya keki za ubarikio, faili lililopewa jina kama la picha lakini ukilifungua hakuna picha, kuna maandishi ya kikompyuta yaliyobanana. Mwenzangu alilinganisha na faili za tovuti yake mwenyewe ili ahakikishe hatufuti kitu cha maana. Kulikuwa na mstari mmoja kwenye ukurasa wa mbele unaoliita. Tukaondoa vyote viwili. Tukajaribu kwa simu yake, kwa simu yangu, kwa simu ya mama mkwe. Ukishaupita wekundu, unazikuta keki. Mama mkwe alisema haamini mpaka ajaribu mwenyewe na miwani, akajaribu, akatikisa kichwa akikubali.

Tukaomba ukaguzi wa pili. Nilikuwa sokoni nanunua ndimu jibu lilipokuja. Nililisoma nimesimama kati ya mafungu ya nyanya, nikalisoma tena kwa sababu lilikuwa fupi mno kwa mambo yaliyotupata. Walisema tovuti haina tatizo na onyo linaondolewa. Niliomba simu ya muuza ndimu, maana yangu sikuiamini tena, nikatafuta. Keki zangu zikafunguka, nyeupe na bluu. Muuza ndimu akaniuliza kama natengeneza na za kipaimara.

Mama wa Sengerema nilimpigia kwanza, kisha nikamwomba anipe mjomba mkubwa. Mjomba aliniuliza maswali kama hakimu. Nilimweleza kwamba wezi waliingia dukani kwangu kupitia dirishani, wakawa wanauza vitu vyao nikiwa nimelala, na sasa tumewatoa na kubadilisha makomeo. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyeibiwa," alisema. "Pole sana, mama. Leta keki."

Keki hiyo niliioka mimi, na maua ya sukari aliyatengeneza mwenzangu, kwa sababu mikono yake kwenye maua inaishinda yangu na hilo nililijua tangu zamani, nilikuwa sitaki tu kulisema. Daraja la kwenda Sengerema lilikuwa bado halijafunguliwa, tukaenda mpaka Kigongo kuvuka kwa kivuko. Tulikaa nyuma ya gari, kila mmoja ameshika boksi upande wake, dereva akiambiwa kwa zamu apunguze mwendo. Kwenye kivuko watu walitusogelea kuuliza ni ya nani, inakwenda wapi. Upepo wa ziwa ulikuwa unasumbua mifuniko, na mwenzangu alitandaza kanga yake juu ya maboksi na kuikalia pembe.

Harusini mjomba mkubwa alikuja mwenyewe kutusalimia. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa, na alikuwa na kipara kinachong'aa. Mwenzangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nilitazama sahani yangu kwa nguvu zangu zote, nikamkatia mzee kipande kikubwa chenye ua.