Obua ya Dakika ya Sita

Padri aliporudi kwao Ulaya alichukua kaseti za watunzi wakubwa, wale ambao hata asiyejali muziki amewahi kusikia majina yao, akamwachia muzee katoni ya waliobaki. Muzee mwenyewe ndivyo alivyopenda kuwaita: waliobaki. Kulikuwa na mtu wa Danemark ambaye simfonia zake zilipigwa mara chache na kusahaulika. Kulikuwa na Mreno mmoja mwenye hasira. Kulikuwa na mama wa Kifaransa ambaye, kwa maelezo ya padri yaliyoandikwa kwa wino juu ya karatasi ya kaseti, alikufa bila kusikia simfonia yake ya mwisho ikipigwa na okestra yoyote.

"Bale bakubwa biko na batu ba kuwasikiliza," muzee aliniambia siku tulipofahamiana. "Hawa biko na siye tu."

Alikuwa mwalimu aliyestaafu, mtu wa Ituri tangu mababu, wa jamaa ya wafugaji, ingawa ng'ombe wenyewe walikwisha katika miaka ya vita. Mimi ni wa Butembo. Wazazi wangu walihamia Bunia kwa biashara, nami nikafungua nyumba ya fotokopi karibu na soko. Siku hiyo alikuwa ameniletea karatasi ya ndani ya kaseti, imeanza kukatika kwenye mikunjo, akitaka nakala kabla haijapotea kabisa. Nikaisoma wakati mashine inapata moto. Nikamwuliza simfonia ni kitu gani hasa. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mtoto wake.

"Kuya dimanche," akasema. "Kisha misa. Kuya Rwambuzi."

Nikaenda kwake, mtaa wa Rwambuzi, Jumapili hiyo baada ya misa, na nikaendelea kwenda kwa miaka saba.

Tulikuwa watatu. Wa tatu alikuwa jirani yake, mjane aliyeuza samaki wa kukaushwa kutoka Tchomia. Yeye hakualikwa. Alikuwa akisikia muziki kupitia ua wa miti, na Jumapili moja akaja na kiti chake mwenyewe, akakaa mlangoni, akasema: "Ile ya wiki iliyopita, muirudishe. Ile ya mutu mwenye kulia pole pole." Hakujua kusoma noti, wala muzee hakuwa bingwa wa noti, lakini sijapata kukutana na sikio kama la yule mama. Siku muzee alipotueleza kwamba kipande cha pili cha simfonia ya Danemark kinahusu majira ya baridi, mama alitikisa kichwa. "Hapana, muzee. Huyu mutu alizika mutu. Sikia vile anaanza kusema, anaacha, anaanza tena." Muzee akakubali. Tangu hapo hatukusikia tena baridi ndani yake.

Tulibishana sana. Tulibishana kama wengine wanavyobishana juu ya mpira. Je, Mreno alikuwa na hasira kweli au alipenda tu tarumbeta? Je, mwongozaji wa okestra alikuwa na haki ya kuruka kurasa? Mke wa muzee alituletea chai na mihogo ya kuchemsha, akicheka kwamba tunagombania watu waliokufa ambao hawatujui. Muzee alikuwa na kanuni zake. Anayesema amwangalie anayeambiwa usoni. Watu wawili wasiseme pamoja. Alisema hiyo ndiyo adabu ya kusikiliza, nasi tukatii. Na kila mara, katika kile kipande cha pili, ilipofika dakika ya sita, aliinua kidole kimoja. Hapo ndipo violini zinapotulia na obua inaingia peke yake, ile filimbi nyembamba yenye sauti kama ya mtu anayesemea puani kwa sababu amelia. "Sasa," muzee angesema. Na obua ingeingia.

Nilipoanza kupata intaneti ya kutosha kwenye nyumba ya fotokopi, mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha ni mimi. Niligundua kwamba waliobaki hawakuwa wamebaki peke yao. Huko nje kulikuwa na watu, Ufini, Brazili, Japani, waliojadili rekodi za watunzi hawa hawa usiku na mchana. Nilisoma mabishano yao. Nikapakua rekodi mpya, safi, bila ule mvumo wa kaseti. Nilinunua bafle, spika nzuri ya kupigia muziki. Nikaanza kufika Rwambuzi na flashi mfukoni na maneno ya watu wengine mdomoni.

Muzee hakuzipenda rekodi zangu. Alikaa karibu na bafle, karibu kuliko zamani, kiganja chake kikiwa juu yake, na macho yake yakienda kwenye saa ya ukutani. Muziki ulipokwisha alisema: "Banakimbia. Ya padri ilitumia onze minutes, dakika kumi na moja. Hawa neuf, tisa tu. Banakimbilia wapi?"

"Muzee, hii ndiyo mwendo mwenye mutunzi aliandika," nilimjibu. "Watu wa kujua wanasema ya padri ndiyo ilikuwa inavuta miguu."

"Watu gani wa kujua? Baliishi naye?"

Mama wa samaki alicheka. Muzee alicheka pia, baadaye kidogo, baada ya kumwona anacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtu mzima mwenye duka, na nilirudi nyumbani nimenuna kama mwanafunzi.

Sasa lazima niseme jambo lililonifanya nifanye nililofanya. Nilikuwa nimeanza kuona vitu. Niliona kwamba kwenye rekodi zangu za haraka kidole cha muzee kilichelewa. Obua ilikuwa imeshaingia na kusema nusu ya maneno yake, ndipo yeye anasema "sasa." Niliona kwamba mke wake, kabla ya kukaa, humgusa bega, na hapo ndipo uso wa muzee unapoanza kusikiliza. Niliona hayo, nikayaweka pamoja, na badala ya kumhurumia nilifurahi. Nasema ukweli. Nilifurahi kwamba yeye aliyesema rekodi zangu zinakimbia huenda hazisikii kabisa.

Jumapili iliyofuata nilimwambia nimepata rekodi ya nne ya Danemark, na kwamba hii ni ya pole pole kama ya padri. Uso wake uling'aa. Mama wa samaki alisogeza kiti. Mke wa muzee akamgusa bega. Nami nikaweka simfonia ya Mreno, kile kipande ambacho pia kinaanza kwa sauti za chini, nikapunguza sauti ili kiganja chake kisihisi vizuri kinachopigwa.

Mama wa samaki alijua mara moja. Aliniangalia, akidhani nimekosea, akafungua mdomo. Nikamwonyesha kwa mkono anyamaze.

Muzee alifumba macho. Kiganja juu ya bafle. Kichwa chake kiliinama mahali ambapo violini za Danemark huinama, na sisi tulikuwa tunasikia ngoma. Mara mbili alifungua macho kutazama saa. Tarumbeta za Mreno zilianza kupiga kelele zao, nami nikaona machozi yanamtoka muzee, kwa sababu katika muziki aliokuwa nao yeye, yule mtu alikuwa akijaribu kusema juu ya aliyezikwa. Ilipofika dakika ya sita aliinua kidole.

"Sasa," akasema. "Sikieni."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema, ndiyo muzee, imeingia. Mara nyingi nimekaa nikaisema sentensi hiyo, ni fupi sana.

Nilizima bafle. Hakufungua macho. Alikaa hivyo na kidole chake juu, katika chumba kisicho na sauti, labda kwa dakika nzima, mpaka mama wa samaki akaanza kulia na kukimbilia nje. Kiti chake kilianguka. Labda sakafu ndiyo iliyomwambia muzee, maana alifumbua macho, akaona taa ya bafle imezimika, akaniona mimi.

"Muzee," nilisema, usoni kwake, kama alivyotufundisha, "haikuwa ya Danemark. Ilikuwa ya Portugal."

Alisoma midomo yangu hadi mwisho. Kisha akashusha kidole, akakiweka gotini, akakifunika kwa mkono mwingine.

Mke wake alikuwa amesimama na termosi. "Ni miaka mbili sasa," aliniambia. Hakupaza sauti. "Alinikataza kusema. Alisema mukijua mutaacha kuya." Aliweka termosi chini. "Weye ni mutu wa masomo. Ungekuya kuniuliza miye kule jikoni. Ningekuambia."

Muzee aliingia chumbani akarudi na katoni. Akaniwekea mikononi.

"Twala," akasema. "Kwa nyumba ya kiziwi inafanya nini?"

"Muzee, hapana."

Lakini alikuwa ameshageuka, na mtu asiyesikia akigeuka, huna tena njia ya kusema naye.

Nje, mama wa samaki alikuwa ameshikilia mti wa ua. "Ulijua," aliniambia. "Ulijua mbele ya kuiweka." Akaingia kwake.

Jumapili iliyofuata mlango haukufunguliwa. Na iliyofuata. Nikaandika barua, kurasa tatu, kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha aliyofundisha maisha yake yote na nilitaka kumheshimu. Nilieleza aibu yangu. Nilimwomba turudie kukaa, hata bila muziki, tuzungumze tu juu ya waliobaki, mimi nitaandika na yeye atasema. Nikamwomba mama wa samaki aipeleke. Alikubali bila kuniangalia.

Baada ya siku nne akanirudishia bahasha dukani. Ndani kulikuwa na barua yangu mwenyewe. Muzee alikuwa ameisoma na kalamu nyekundu. Vitenzi vilivyokosa wingi, alama zilizosahaulika juu ya herufi, neno moja nililolitumia mahali pa jingine: yote ameyasahihisha, kwa mwandiko ule ulionyooka wa ubaoni. Chini hakuandika kitu. Wala alama ya mwalimu hakuweka.

"Pengine ni jibu," mama wa samaki alisema.

"Jibu gani?"

"Miye sijui kusoma hiyo. Weye ndiye mutu wa masomo."

Niliamua kusubiri. Nilijiambia mtu anayekaa kusahihisha kurasa tatu hajakufungia mlango kabisa. Nilingoja mvua zipite. Nikawa natafuta rekodi za pole pole, za dakika kumi na moja, nikiziweka upande, bila kujua nitazifanyia nini. Wakati huo mtoto wa kiume wa muzee, anayefanya kazi Beni, alikuja kumchukua yeye na mkewe. Barabara haikuwa salama kwa watu siku zile. Walilala Komanda wakingoja magari mengine ili waende pamoja. Hayo niliyajua baadaye. Mimi nilifika Rwambuzi Jumamosi moja na kopo la maziwa na nia ya kupiga magoti, nikakuta kufuli.

Muzee alifia Beni, hata mwaka haukwisha. Homa, walisema, na moyo.

Mke wake alirudi Bunia kwa ajili ya matanga, maana watu wake wengi wako huku. Alikuja kwenye nyumba ya fotokopi asubuhi, peke yake, na karatasi ya programu ya misa. Juu yake kulikuwa na picha ya muzee akiwa kijana, na chaki mkononi. Alitaka nakala mia moja. Hakukuwa na salamu ndefu. Nilianza mashine. Nyimbo za kanisa zilikuwa zimepangwa kwenye karatasi, moja baada ya nyingine, na picha yake ikatoka tena na tena, ya moto, mikononi mwangu.

"Mama," nikasema, "kule Beni, alisema kitu juu yangu?"

Alifikiri kwa uaminifu, nikamwona anatafuta. "Hapana, papa. Hakusema."

"Na muziki? Alikuwa angali nao kichwani?"

Alichukua nakala za kwanza akaanza kuzikunja katikati, akizipitishia ukucha. "Mbele, alikuwa nao," akasema. "Hata kisha kupoteza masikio. Alikuwa ananiambia: mama, haina shida, yote iko humu ndani. Ile dimanche yenu ilikuwa inamusaidia kuirudilia." Akakunja nyingine. "Kisha ile siku, alijaribu. Anakaa, anafunga macho. Siku moja akaniambia: imenyamaza. Hata humu ndani imenyamaza."

Mashine ilikuwa ikiendelea. Wateja wawili walisimama mlangoni, wakaona nyuso zetu, wakaondoka. Nilitoka nyuma ya meza, nikakaa kwenye benchi karibu naye, nikachukua karatasi, tukakunja pamoja. Nilipomwambia kwamba katoni iko, nimeitunza, naweza kuileta leo hii, alitikisa kichwa tu. "Bakiya nayo," akasema. "Miye sikuwa naipenda sana. Nilikuwa napenda kumuona yeye."

Siku ya matanga, uani Rwambuzi, watu walisimama mmoja mmoja kumsemea. Wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wenye mvi sasa, na walisimulia habari za fimbo na imla, wakacheka na kulia. Mwongozaji wa sala aliuliza kama kuna rafiki wa muzee anayetaka kusema. Nikasimama.

Nilisema alinifundisha kusikiliza. Nilisema alikuwa na mapenzi makubwa kwa watunzi ambao dunia iliwaacha. Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima, bila kuelewa sana. Nilitaka kusema lililobaki. Lakini mke wake alikuwa amekaa pale mbele na kitenge cha msiba, mtoto wao wa kiume kando yake akinitazama kwa shukrani kwa sababu hakuna aliyemwambia, na nikaona kwamba hata kuungama kwangu kungekuwa tena kwa ajili yangu. Nikashukuru, nikakaa.

Mama wa samaki alikuwa kwenye benchi iliyo mbele yangu. Alikuwa amekuja kutoka Tchomia, alikofuata samaki wake, kwa pikipiki asubuhi hiyo, na vumbi lilikuwa bado kwenye mabega yake. Nilingoja ageuke. Kwaya ilianza, akaimba nayo, sauti yake ikiwa sahihi kuliko zote, na hakugeuka.