Kuku wa Yaya Salima Aliyeota Manyoya ya Jogoo

Niliondoka mtaani kwetu Mangobo kwa sababu ya kuku mmoja. Msomaji asicheke. Mwaka ule waasi walikuwa wameushika mji wetu, ambao bado uliitwa Stanleyville, pamoja na barabara yote ya kaskazini, na watu walikuwa wakifa kwa sababu ndogo kuliko kuku. Muuza mawese mmoja aliniletea habari kutoka Banalia, kwenye barabara hiyo. Dada yangu mkubwa Salima, yaya kwa lugha ya kwetu, mjane aliyeishi huko, alikuwa na kuku jike aliyeota manyoya ya jogoo na kuanza kuwika. Kwetu kuku jike akiwika huchinjwa siku hiyo hiyo na kutupwa njia panda, hakuna anayemla. Yaya hakutaka kumchinja, kwa kuwa hapo zamani alikuwa mtagaji wake bora. Basi kuku akawika mchana ule ule waasi walipoingia Banalia, na siku chache baadaye wakashindwa pigano moja. Sasa walisema Yaya alimgeuza kuku kwa makusudi ili aiharibu dawa yao ya kuzuia risasi. Siku ya soko wangemtosa mtoni.

Mangobo nzima hapakuwa na mtu wa kuitetea kesi hiyo isipokuwa mimi. Nasema bila haya. Nilianza maisha nikibeba vitunga vya kuku sokoni kwa kichwa changu, nikajisomesha kwa jasho langu, nikavuka bahari, na mwaka wa uhuru nikarudi kutoka Ubelgiji na diploma ya ufugaji wa ndege. Kule nilimwona kwa macho yangu kuku jike aliyetolewa kifuko cha mayai akiota mkia wa jogoo. Nani mwingine mtaani kwetu aliyewahi kuona hayo?

Alfajiri nilipanda baiskeli. Sikuweza kwenda polepole. Kila mlima nilioupanda niliona Yaya anafungwa kamba, na kila niliposhuka niliona maji.

Nilipofika Bengamisa, jua likiwa kali, kijana muasi mwenye majani ya dawa kichwani alinisimamisha kwenye kizuizi.

“We, mutu ya vélo! Unaenda wapi?”

“Banalia, chef. Kuona yaya yangu.”

“Uko na masomo?”

Waasi waliwachukia wenye kalamu. Karani niliyemfahamu alikuwa ameuawa kwa sababu ya miwani tu. “Kidogo, chef. Najua kuandika jina.”

Alinitazama toka juu hadi chini. “Eh, inaonekana. Pita, mujinga.”

Nilikanyaga pedali kwa hasira mpaka jua likazama. Lile neno “inaonekana” liliniuma kuliko tandiko la baiskeli.

Banalia niliingia kesho yake alasiri, soko likiwa la siku inayofuata. Yaya alikuwa amekaa uani kwake, mlinzi mlangoni. Hakufurahi kuniona.

“Rashidi, umefuata nini huku? Wanaua watu ya masomo!”

“Nimekuja kukutoa.”

“Na nini? Na vélo?”

Nilimwomba anionyeshe kuku. Alikuwa chini ya tenga, na kwa kweli alikuwa mzuri: shingo ya dhahabu yenye kuelekea wekundu, mkia mweusi uliopinda wenye mng'ao wa kijani, upanga mkubwa mwekundu kichwani. Miguu tu ndiyo iliyobaki ya kike, haina mwiba wa jogoo. Nilipekua shingo yake unyoya kwa unyoya, nikapata niliokuwa nautafuta. Nikaung'oa, nikauficha ndani ya kofia. Kisha nikaanza kuzunguka ua, nikikaa na kusimama, mpaka Yaya akanigombeza kwamba namtia kizunguzungu.

Asubuhi, sokoni, mkuu wa waasi, ambaye wote walimwita Komanda, alikuwa ameketi kwenye kiti kilichotolewa kanisani. Yaya alisimamishwa mbele yake na tenga la kuku miguuni.

“Na huyu ni nani?” akauliza, akininyooshea kidole.

Hapo ndipo ningeweza kuwa mjinga tena na kuishi. Lakini mjinga asingemwokoa mtu. “Ni ndugu yake. Nilisoma Ulaya. Niko na diploma ya kuku.”

Kisha Komanda akacheka mpaka akashika tumbo. “Diploma ya kuku! Bon. Alors, docteur ya kuku, sema.”

Nikasema. Nikaeleza kwamba kila kuku, jike au dume, hurithi kwa wazazi wake jeni, yaani maelekezo ya kuujenga mwili, na ndani yake mna maelekezo ya nguo zote mbili, ya jike na ya jogoo. Kinachochagua ni homoni, maji madogo yanayotoka kwenye kifuko cha mayai na kutembea katika damu, yakiyaamuru manyoya yawe ya kike. Kifuko kikiugua, amri inakoma. Manyoya ya zamani hayageuki rangi, ila yakianguka, yanayoota badala yake huvaa ujogoo. Nikaongeza kwamba iko hata jamii ya majogoo ambao, kwa jeni walizorithi, huvaa kama majike maisha yao yote, na bado wanawika na kupanda.

“Maneno mingi,” akasema Komanda.

Nikautoa unyoya. Ncha yake ilikuwa ya kahawia, butu, ya jike. Kuanzia katikati hadi shinani ulikuwa wa dhahabu, mwembamba, wa jogoo. “Unyoya huota ncha kwanza, Komanda. Ulipoanza, kuku alikuwa mwanamke. Ulipofika katikati, alikuwa anaumwa. Hata nusu ya unyoya wa urefu huu haioti kwa wiki mbili, na ninyi mmefika hapa wiki mbili zilizopita. Ugonjwa uliwatangulia.”

Aliugeuzageuza juani kwa muda mrefu. Wapiganaji wake wakasogea kuutazama.

“Kama ni ugonjwa tu, hapana buloji, hapana uchawi,” akasema mwisho, “mumukule. Hapa, mbele yangu.”

Nikasema bismillahi nikachinja. Nilipompasua niliwaonyesha: mahali pa kishada cha viini vya manjano palikuwa na donge jeusi, gumu kama kokwa la mchikichi. Nikalikata na kulizika mbali. Chungu kikabandikwa.

Nyama ilipoiva, nikanyoosha mkono, na mkono ukakataa. Elimu yote nilikuwa nayo kichwani, na nilijua hakuna hata chembe ya ubaya katika lile paja. Lakini koo langu lilikuwa limekulia Mangobo, kwa mama aliyetupa kuku wa aina hiyo njia panda na kutunawisha. Komanda aliona. Soko zima liliona.

“Docteur anaogopa dawa yake!” mtu akapiga kelele.

Yaya Salima akanisukuma kwa bega. “Songa. Iko kuku yangu.” Akachukua paja, akauma, akatafuna polepole akimtazama Komanda usoni. “Chumvi imekosa,” akasema.

Ndipo na mimi nikala, nikala kweli, mpaka mifupa.

Tulikaa pale hadi jua likapinda, watu wakitungoja tuanguke. Sikuweza kutulia, nilijipima mapigo ya moyo kama mgonjwa. Yaya alisinzia. Mwishowe Komanda alisimama. “Bon. Mama aende kwake. Na we, docteur, toka hapa kabla sijabadilisha roho.”

Tuliondoka saa ile ile, sote wawili, Yaya nyuma ya baiskeli na kifurushi chake mapajani.

“Donc na miye,” akaniuliza njiani, “niko na jogoo ndani?”

“Wewe si kuku, Yaya.”

“Jibu swali, docteur.”

Nilimjibu mpaka tukakaribia Mangobo, na kila nilipomaliza alikuwa na swali lingine.

Watu huniuliza nilijifunza nini. Kuhusu manyoya, hakuna. Yote nilikuwa nayo tayari. Lakini ninajua jambo moja ambalo walimu wangu wa Ubelgiji, waliomkata kuku wa namna ile na kumchora na kumpima, hawalijui: nyama yake ni ngumu kama ya jogoo mzee, na mtu wa kwanza kuionja alikuwa dada yangu, wala si mimi.