Mrusi Aliyeombewa Alief

Binti yangu alipokuwa na miaka kumi na sita alimpenda Mrusi mmoja anayecheza hoki ya barafuni. Hakuwahi kumwona ana kwa ana. Alimjua kwenye simu tu, kama umati wa wasichana wenzake: Mrusi akifunga kamba za viatu, Mrusi akihangaika na Kiingereza mbele ya wanahabari, Mrusi na paka wake. Binti yangu alikuwa na ukurasa wa kumshabikia, akikata klipu na kuziwekea maneno ya kuchekesha.

Mimi ni nesi, na shifti za hospitali kule Irving huniacha hoi. Tuliishi wawili tu kwenye fleti yetu Lewisville, nje ya Dallas, na kwa miaka mitatu tulikuwa watu wa kupishana mlangoni. Huyo Mrusi ndiye aliyemleta binti yangu kwenye kochi, bega kwa bega nami. "Mom, look at him!" Nilitazama. Nilicheka hata pale nisipoelewa kitu. Nilikuwa na furaha, nasema kweli.

Lakini mdomo wangu nao! Alipoanza kujifunza Kirusi niliingiwa na hofu. Nikarekodi ujumbe kwenye kundi la maombi la akina mama wa kwetu, wa Dallas na Houston: "Dada zangu, nisaidieni kuomba. Mtoto wangu ameshikwa na Mrusi wa huko mtandaoni." Ndivyo tulivyozoea, mtoto akikohoa tu, kundi zima linapiga magoti. Sikueleza kwamba Mrusi mwenyewe hajui kama binti yangu yuko duniani.

Mwezi uliofuata tulikuwa na ibada ya pamoja Alief, kule Houston. Mke wa mchungaji akamwita binti yangu mbele. Akina mama wakamwekea mikono kichwani, wakamkemea Mrusi amwachilie, arudi kwao. Mmoja akamwuliza, mbele ya kanisa zima, kama ameshamtumia huyo Mrusi picha. Binti yangu alinitafuta kwa macho katikati ya ile mikono. Nami, kwa kuogopa kuonekana mama asiye na imani, nilifumba macho nikasema amina.

Mtu alirekodi. Kabla hatujafika nyumbani, klipu ilikuwa imewafikia mashabiki wenzake, na waliicheka kuliko walivyowahi kucheka kazi yake yoyote. Aliufuta ukurasa wake akiwa kiti cha nyuma cha gari.

Mwaka wa pili huu. Nimeomba msamaha kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa chapati. Siku hizi ni mimi ninayemfuatilia Mrusi. Najua amefunga bao lini, najua paka wake anaumwa. Juzi nilimkuta binti yangu jikoni, nikampa simu.

"Hebu ona leo alivyoanguka."

Alitazama mpaka mwisho, bila kucheka. "That's nice, Mom," akasema. Kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili, vile nilivyomfundisha kuwapa vitu watu wazima asiowafahamu.