Omena Ambayo Hatukutuma

Nikisikia seloptepu ikivutwa, ule mlio wake wa kukwaruza, hata kama ni mtu anafunga zawadi tu, mimi hugeuka kuangalia nani anaiba. Msinicheke. Nililelewa na Shosho kule Gilgil, na Shosho alinifundisha kushuku watu kabla hajanifundisha kupika chai.

Mama alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akaniacha kwa mama yake. Kila mara tulimtumia kifurushi: maharagwe meusi tunayoita njahi, unga wa wimbi, kunde zilizoanikwa juu ya mabati mpaka zikavunjika vidoleni. Shosho alivipanga ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, akaizungushia seloptepu hadi katoni yenyewe haikuonekana, kisha tukaenda Nakuru kwenye ofisi moja ya kutuma mizigo ng'ambo.

Hapo ndipo vita vilipoanzia. Kijana wa kaunta ilikuwa lazima aifungue katoni aikague, na Shosho hakumsamehe kwa hilo. Alimkagua mashavu.

"Boss, umenona. Unakula nini siku hizi?"

"Ni baraka tu, mathe."

"Hmm. Baraka ya njahi."

Tukitoka, alinisimamisha upande wa pili wa barabara nihakikishe katoni yetu imepakiwa kwenye pikapu. Nilisimama nikitafuna mahindi ya kuchoma, nikijiona askari kanzu.

Kilichomsumbua hasa ni simu za Mama. Kwenye video alisema tu, "Asante Mum, nilipata kila kitu." Hakutaja njahi, hakutaja kunde. Mtu aliyekula njahi za Shosho hawezi kunyamaza hivyo. Shosho akaamua kwamba yule kijana anakula mzigo wetu, na Mama anashukuru tu ili asimvunje moyo. "Siku za mwizi ni arobaini," akasema, akatega mtego.

Mama hakuweza kula omena. Tangu utotoni akionja kidogo tu, uso ulivimba mpaka macho yakapotea, na kwetu samaki hao hawakuingia mlangoni. Basi Jumapili moja Shosho akamuuliza kwa sauti tamu, "Na ile omena nilikutumia, uliionaje?" Kama kifurushi kilifika, Mama angeshangaa: omena gani?

Mama alitabasamu. "Ilikuwa tamu sana, Mum. Nilikula yote."

Nilingoja Shosho apige kelele. "Vizuri," akasema polepole. "Kula, mtoto wangu." Simu ilipokatika aliendelea kuishika. Mimi nilikuwa nimekasirika. Mama alikuwa mwongo, na mwizi tulikuwa tumemnasa, kwa nini tusiende kumshika?

"Nyamaza," Shosho akaniambia. "Hii si maneno ya huyo kijana."

Kesho yake tulimpelekea yule kijana avokado, jambo lililoniudhi sana. Kisha tukaenda kwa ajenti aliyempeleka Mama Uarabuni, na Shosho akaketi kwenye benchi lake. Alirudi siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine, na chupa yake ya chai, akitaka binti yake arudishwe, mpaka ajenti akachoka kumwona. Nilidhani amepata tu mtu mpya wa kushuku, na nikamwonea ajenti huruma.

Mama alirudi amekonda, na kwa muda mrefu alikuwa akishtuka mlango ukifungwa. Nilikuwa mtu mzima nilipothubutu kumuuliza kwa nini alidanganya siku ile. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Vifurushi vyote vilichukuliwa na mwajiri wangu, sikuonja hata kimoja. Hata simu ilikuwa yake. Nikiongea na nyinyi, kulikuwa na mwanamke anajua Kiswahili amewekwa hapo kando asikilize. Kikwetu nilikatazwa. Kila Jumapili nilitafuta kitu naweza kusema, Mum ajue niko taabani na huyo mwingine asijue. Sikupata. Halafu Mum akaniuliza omena."

Husemwa kwamba mtego wa panya huingia waliokuwemo na wasiokuwemo. Miaka yote hiyo niliamini mtego wa Shosho ulimnasa Mama kwa bahati mbaya. Kumbe aliuona, akauingia kwa miguu yake mwenyewe, akijua mamake atakuja kumtoa.