Vidole Viwili vya Daktari

Daktari wetu wa upasuaji hupapasa uvimbe kwa vidole viwili tu, macho ameyaelekeza dirishani, kisha huuliza kwa sauti ya chini: "Ulianza lini, mama?" Jana Mama Hamisa, kutoka kijiji kimoja cha ujamaa huko Handeni, alimjibu: "Masika ya mwaka juzi. Kila nikiomba kibali cha kuja hospitali hapa Korogwe, mwenyekiti wa kijiji anasema kwanza palizi, mara mavuno." Titi lilikuwa gumu kama jiwe, kansa imeshafika kwenye ini. Na kibali chenyewe kiliandikwa: "Aruhusiwe, kazi za kijiji zimekwisha." Jamani! Daktari, ambaye hajawahi kutupandishia sauti sisi wauguzi, aliandika chini yake mpaka kalamu ikatoboa karatasi: "Ndugu Mwenyekiti, kazi yangu nayo imekwisha, kabla sijashika kisu."