Meza ya Chanya na Maji ya Lambo

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya mgodi, huko Geita, nilipewa brashi na rundo la chupa chafu. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Shinyanga, kibarua wa kinu cha pamba, na kwa ile aproni nyeupe nilijiona nimeula.

Baadaye Msimamizi wa Maabara akaniweka kwenye meza ya kupimia. Chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika vipande vyenye umeme, ambavyo ninyi vijana mnaviita ayoni. Metali kama shaba au risasi hupoteza elektroni ikabaki na chaji chanya. Mwenzake, kama kloridi au sianidi, huwa na chaji hasi. Ukitumbukiza nyaya za betri, chanya huvutwa na waya hasi, na hasi huvutwa na waya chanya. Sisi tulizitambua kwa dawa. Tulipitisha majini gesi inayonuka mayai viza, na shaba au risasi ikiwamo, maji yanageuka meusi. Hasi zilikuwa na dawa zake, kwenye meza nyingine.

“Meza ya chanya ni yako,” Msimamizi aliniambia. “Ile ya hasi usiiguse. Kila mtu na lake.”

Nikatii. Nikaijua meza yangu mpaka kichwa kikavimba.

Kiangazi kimoja ukingo wa bwawa la matope ya kinu cha dhahabu ulibomoka, maji yakaingia kwenye lambo la kunyweshea ng’ombe. Dada yangu Kabula, aliyeolewa jirani na hapo, akaja na maji chupani.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba, mdogo wangu. Vyura wamekufa lamboni. Shemeji yako anauliza, tunywe au tusinywe? Msomi wetu ni wewe.”

Niliyapima saa ya chakula, peke yangu. Nikapitisha gesi. Yakabaki meupe. Nikatafuta chuma, hakuna.

“Hayana kitu, dada. Kunyweni.”

Kesho yake shemeji alipeleka ng’ombe lamboni, akainama akanywa pamoja nao. Haikufika adhuhuri, akawa amekufa.

Mkemia Mkuu aliyachukua maji yaliyobaki chupani, akayapeleka meza ya pili. Akadondosha dawa ya fedha. Ukungu ukatokea ukamezwa, ukatokea tena ukamezwa.

“Sianidi, ile sumu ya kuoshea dhahabu kinuni,” alisema. “Wewe umetafuta upande mmoja tu. Kwa nini hukuuliza?”

Hawakunifukuza. Walinihamishia meza ya hasi, na hapo nikakaa mpaka nikastaafu. Kila chupa niliipima pande zote mbili, nikirudia na kurudia kama mwendawazimu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea hadi amezeeka.

Ninyi mnaosoma kemia mnaniomba neno la faraja. Sina. Kazi yangu niliifanya vizuri, na ndiyo iliyoua.

Dada bado yuko hai. Nikienda ananipikia ugali na mlenda, ananicheka ninavyotafuna kwa meno machache. Hajawahi kuniuliza siku ile nilipima nini. Mwaka jana nikajikaza.

“Dada, yale maji…”

“Acha,” alisema, akiutazama mlango. “Yeye hakutaka kunywa. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimwambia, mdogo wangu hawezi kukosea.”