Mama Niliyemkata Pichani

Hiki ninachokueleza sikuhadithiwa na mtu. Simu ilikuwa mkononi mwangu mimi. Usipoamini sitakulaumu, maana ningekisikia kwa mwingine ningecheka.

Mimi ni mwalimu, kwetu Tanga, nimepangiwa kazi Kibondo mwaka wa nne sasa. Napenda kupiga picha za safari. Tuko kundi la wapenda picha kwenye simu. Kila Jumapili tunatumiana picha na kukosoana bila huruma. Ijumaa moja nilikuwa Kasulu kwa shughuli za shule. Nilipomaliza nikakodi bodaboda inipeleke Heru Juu, nikapige milima kabla jua halijashuka. Dereva alikuwa Jeremia, Muha, mtu mzima mwenye watoto wanne, mpole sana.

Tulisimama kwenye kona inayotazama bonde. Mashamba ya muhogo yameshuka kama ngazi, nyuma yake vilima vimepangana mpaka vinageuka buluu. Jeremia akabaki amekaa kwenye pikipiki, upande wa kulia. Nikapiga. Kushusha simu, namwona mama amesimama kushoto kwenye majani, kajitanda kanga. Sikumwona akija.

Akanisogelea. "Umenipiga, mwanangu?"

"Umeingia kidogo pembeni, mama. Nitaipunguza picha, hutaonekana."

"Usinikate," akasema. "Niache niliposimama."

Nikamjibu sawa. Unajua ile sawa ya kumridhisha mtu ili aondoke? Ndiyo hiyo.

Tulipokuwa tunarudi mjini Jeremia akaniambia, "Mwalimu, yule mama si wa huku. Nimemsalimia kwa Kiha, 'Mwakeye', hajaitika. Muha haachi salamu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alisema nami Kiswahili cha Tanga, lafudhi ya mtaani kwetu kabisa.

Kesho yake, Jumamosi mchana, niko kwangu Kibondo, nikaifungua ile picha. Ilikuwa na kasoro. Mbingu ilikuwa kubwa mno, na yule mama pembeni alivuta jicho litoke kwenye vilima. Nikakata juu, nikakata kushoto, mama akatoka. Picha ikatulia. Nikaenda kuinjika chai.

Niliporudi alikuwa ndani ya picha. Amesimama katikati ya shamba la muhogo, kanga ileile.

Nikajiambia nimekosea kuhifadhi. Nikakata tena, safari hii nikabakiza upande wa kulia tu, Jeremia na pikipiki yake na kilima kimoja nyuma. Niamini, niliitazama kwa macho yangu mawili. Nikafumba, nikafumbua. Mama alikuwa amekaa nyuma ya Jeremia kwenye kiti cha abiria, mkono wake umeshika bega la kushoto la Jeremia, uso umenielekea mimi.

Nilimpigia Jeremia. Akapokea, upepo unavuma kwenye simu.

"Uko wapi?"

"Njiani, mwalimu. Tumeshapita Makere. Namleta mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Yule mama wa jana. Anasema wewe ndiye uliyemwambia huku nyuma kuna nafasi. Anakuja kwako Kibondo."

Ungefanya nini wewe? Mimi sikuwa na dua iliyonijia kichwani. Nilichofanya ni kubonyeza pale pa kurudisha picha kama ilivyokuwa mwanzo, yote, na mbingu yake kubwa. Simu ya Jeremia bado iko hewani. Nikamsikia akisema polepole:

"Mwalimu. Ameshuka."

"Umemshusha wapi?"

"Sijasimama."

Hakuanguka, namshukuru Mungu. Lakini bega lile alilokuwa ameshikwa likawa baridi, akageuza kurudi, na kabla hajafika Kasulu mkono wote wa kushoto ukawa unaning'inia. Hospitali wamempima wee, hawajaona kitu. Mpaka leo haendeshi. Mke wake ndiye anayelima, na nikienda kuwasalimia ananikaribisha vizuri, ananiwekea ugali na maharage, ila hakai nami sebuleni. Jeremia hajanilaumu hata siku moja. Aliniuliza mara moja tu, "Kwani alikuomba nini?" Nikamwambia. Akatazama chini.

Na ile picha ninayo, nzima. Kundini sikuituma. Upande wa kushoto, pale kwenye majani, hakuna mtu. Nimeikuza mpaka ikavunjikavunjika, hayupo. Basi mama huyo hakurudi alikotoka. Aliteremka mahali fulani kati ya Makere na hapa ninapoishi, na mimi naipita barabara hiyo kila mwisho wa mwezi.

Ukija huku kwetu kupiga vilima, piga, ni vizuri kweli. Lakini tazama kwanza nani amesimama pembeni. Akikuomba umwache, mwache, hata kama picha itaharibika.